Nani Amchagulie Mtoto Kitabu?

Katika ofisi ya kamati ya msikiti wetu kuna daftari kubwa lenye jalada la kijani. Humo huandikwa kila kitabu kinachoazimwa na wanafunzi wa shule ya msingi iliyo chini ya msikiti: tarehe, jina la mwanafunzi, jina la kitabu, siku ya kukirejesha, na mwisho safu ya maelezo. Muhula uliopita ulipomalizika tulilifungua ili tuandae taarifa ya kamati. Mbele ya jina la binti mmoja wa darasa la tano tukakuta, katika safu ile ya mwisho, maneno mawili: "Hapendi kusoma." Yaliandikwa mara tatu, kwa vitabu vitatu mbalimbali, na mara zote tatu mwandiko ulikuwa wetu sisi wenyewe tulioshika kazi ya ukatibu.

Tulipomuuliza mwalimu wa darasa lake, alishangaa. Alituambia kuwa binti huyo hakosi kusimama mbele ya kabati la vitabu kila siku wakati wa mapumziko, uso wake ukikaribia kugusa kioo. Tukamwita, tukamuuliza anatazama nini. Akatuonyesha kwa kidole kitabu kilichokuwa rafu ya juu kabisa, kinachoeleza viumbe wa Bahari ya Hindi, ambacho juu ya jalada lake pana picha ya papa potwe. Baba yake ni mvuvi wa Kilindoni, kisiwani Mafia, mahali ambapo samaki huyo, mkubwa kuliko samaki wote duniani, huonekana karibu na pwani hasa baina ya Oktoba na Machi. Binti anaishi Dar es Salaam kwa mama yake mdogo kwa ajili ya masomo. Alitaka kujua, kwa maneno yake mwenyewe, "kwa nini samaki mkubwa hivyo hamli baba".

Kitabu hicho hakuwahi kupewa, kwa kuwa rafu ya juu tuliitenga kwa ajili ya darasa la saba. Kila Alhamisi ustadhi wa zamu alifungua kabati, akahesabu vitabu kwa idadi ya wanafunzi, akavigawa kama zinavyogawiwa karatasi za mtihani. Aliyepata hiki alisoma hiki, na aliyepata kile alisoma kile. Binti yetu alipata vitabu vitatu vilivyokuwa juu ya rundo, akavirudisha kesho yake, nasi tukamhukumu.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu kosa lilikuwa letu, na kwa sababu tunadhani si letu peke yetu. Ziko shule ambazo vitabu hufungiwa visichakae, na ziko nyingine ambazo mtoto huletewa kitabu mezani bila ya kuulizwa. Wanaofanya hivyo ni watu wema, nao wana nia njema. Lakini swali linabaki na sisi wazazi hatuna budi kulijibu: ndani ya maktaba ya shule, nani amchagulie mtoto kitabu?

Hofu ya mzazi ina msingi

Hatutaki kumbeza mzazi mwenye hofu. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111 Miladia, aliandika katika Ihya Ulum al-Din mlango mzima wa malezi ya watoto. Humo aliufananisha moyo wa mtoto na johari ambayo bado haijachorwa nakshi yoyote, ikiwa tayari kupokea kila itakachochorwa. Kwa ajili hiyo aliwausia walezi wawasomeshe watoto habari za watu wema na wawakinge na mashairi ya mapenzi. Mwanachuoni huyo aliyajua maandishi kwa kuyaandika, na aliijua nguvu yake.

Nchini mwetu hofu hiyo imewahi kufikia ngazi ya taifa. Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kupigwa marufuku kwa vitabu 16 katika shule za serikali na za binafsi, kwa maelezo kuwa maudhui yake yanakwenda kinyume na maadili na desturi zetu. Miongoni mwavyo vilikuwamo vitabu vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, vilivyoandikwa na Mmarekani Jeff Kinney, ambavyo watoto wengi wa shule za mchepuo wa Kiingereza walikuwa wakivipokezana. Wako wazazi waliofurahi, na wako waliouliza ni nini hasa kilichomo ndani. Kilichotushughulisha sisi zaidi ni jambo jingine: wazazi wengi walivisikia vitabu hivyo kwa mara ya kwanza siku vilipopigwa marufuku, ilhali watoto wao walikwisha kuvisoma.

Hapo ndipo tulipoanza kujiuliza kama tunalinda kweli. Orodha ya vitabu vilivyokatazwa inamwambia mlezi kisichofaa. Haimwambii kinachofaa, wala haijazi rafu. Shule inayotoa kitabu kibaya na isiweke kizuri mahali pake imemwachia mtoto nafasi tupu, na nafasi tupu ya mtoto siku hizi hujazwa na simu ya mkubwa aliye karibu. Huko hakuna ustadhi wa zamu, wala safu ya maelezo.

Uchaguzi wa aina mbili

Baada ya kulitafakari daftari letu tuliona kuwa tulikuwa tumechanganya mambo mawili tofauti. Kuna kuchagua kitabu gani kiingie kabatini, na kuna kuchagua kitabu gani kitoke humo leo kwa mikono ya mtoto huyu. Jambo la kwanza ni amana ya wakubwa: wazazi, walimu, masheikh na serikali. Hilo hatuwezi kumtwika mtoto wa miaka kumi. Jambo la pili, kwa maoni yetu, ni haki ya mtoto. Sisi tulikuwa tumeyafungia yote mawili kwa kufuli moja.

Yawezekana msomaji akadhani kuwa haya ni mawazo ya kigeni. Tunamwomba aturudie kwenye vitabu vinavyosomeshwa katika darsa zetu za pwani tangu zama za mababu. Katika Minhaj at-Talibin ya Imam Nawawi, kitabu kinachotegemewa katika madhehebu ya Imam Shafii, imo hukumu ya mtoto ambaye wazazi wake wameachana. Akishafikia umri wa kupambanua mambo, ambao aghalabu ni miaka saba, huulizwa anataka kukaa na nani, naye hukaa na yule aliyemchagua. Asili yake ni hadithi iliyopokewa na Abu Huraira (R.A.), iliyomo katika Sunan ya Abu Daud, ya mtoto ambaye Mtume (S.A.W.) alimwonyesha baba yake na mama yake, akamwachia ashike mkono wa amtakaye. Mtoto akaushika mkono wa mama, wakaondoka.

Tuitazame vizuri hukumu hiyo. Wanazuoni wameweka sharti kwamba wazazi wote wawili wawe wanafaa kumlea. Asiyefaa haingii katika hesabu, na mtoto haulizwi juu yake. Maana yake ni kuwa wakubwa wameshamaliza kazi yao kabla mtoto hajafungua kinywa: wamehakikisha kuwa mikono yote miwili ni salama. Baada ya hapo hawamshurutishi. Basi ikiwa sheria imemwamini mtoto wa miaka saba na jambo zito kama nyumba ya kukaa, vipi sisi tushindwe kumwamini na kitabu cha kurasa arubaini ambacho sisi wenyewe tulikipitisha?

Mfano wa pili umo katika mlango wa mali ya yatima. Mwenyezi Mungu (S.W.) ametuamrisha, katika Surat An-Nisaa aya ya 6, tuwajaribu mayatima kabla ya kuwakabidhi mali yao. Imam Nawawi anaeleza kuwa mtoto wa mfanyabiashara hujaribiwa kwa kuuza na kununua na kupatana bei, na kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa jaribio hilo hufanywa kabla ya kubaleghe. Mtoto anapelekwa sokoni, anajadiliana na muuzaji, na ikifika saa ya kufunga mkataba, walii wake ndiye anayeufunga. Wanazuoni hao walijua kuwa mtu hapati busara ya kuchagua kwa kuisubiri nyumbani. Huipata kwa kuchagua, mkubwa akiwa karibu. Anayenyimwa nafasi hiyo hadi miaka kumi na minane, siku atakapoingia duka la vitabu au atakaposhika simu yake mwenyewe, atakuwa mgeni wa kazi hiyo.

Na wa tatu ni ule wa kikombe, ambao Bukhari na Muslim wameupokea kwa Sahl bin Saad (R.A.). Mtume (S.A.W.) aliletewa kinywaji, kuliani kwake yuko mvulana na kushotoni wako wazee. Alipokwisha kunywa alimwomba mvulana ruhusa awape wazee kwanza. Mvulana akakataa, hakutaka kumwachia mtu yeyote fungu lake litokalo kwa Mtume. Bwana Mtume hakumkaripia. Alikitia kikombe mkononi mwake. Kilichokuwamo ndani ya kikombe kilikuwa halali, na waliokileta walikuwa wakubwa. Lakini haki ya mtoto ilipofika, aliulizwa, na jibu lake likafuatwa mbele ya wazee.

Sheria ya nchi yetu nayo imelisogelea jambo hili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni haki ya kuyatoa, kusikilizwa, na kushirikishwa katika maamuzi yanayohusu ustawi wake. Sheria haikusema kuwa maktaba ya shule imetolewa humo.

Mjadala wa kamati

Tulipoliwasilisha suala hili kikaoni hatukukubaliana mara moja, na hatuoni aibu kulisema. Mzee mmoja wa kamati, tunayemheshimu kwa elimu na umri, alitukumbusha kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Mama anayewakilisha wazazi akamjibu kwa adabu: "Ni kweli, sheikh wangu, lakini samaki wa kukunjwa sharti kwanza avuliwe. Hawa wetu hata chambo hawajakionja." Kikao kikacheka, na mzee akacheka pamoja nasi, lakini hoja zake hazikuisha, nazo zilistahili majibu.

Hoja yake ya kwanza ilihusu hadithi za wanyama wanaosema. Alikuta kabatini vitabu vya Sungura na Fisi, akauliza iwapo tunawafundisha watoto uongo. Tulimjibu kuwa Waislamu wamekuwa wakisoma Kalila wa Dimna kwa zaidi ya miaka 1,200, tangu Ibn al-Muqaffa alipoifasiri kwa Kiarabu, na humo mbweha, simba na ng'ombe husema kuliko binadamu. Msomaji hudanganywa pale anapoambiwa kuwa jambo la kubuni limetokea. Mtoto wa miaka sita anajua kuwa sungura hasemi, na anajua pia kwamba mjanja wa mtaani kwao anafanana na sungura yule. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akakiri kuwa utotoni yeye alizijua Hekaya za Abunuwasi kuliko alivyozijua hesabu.

Hoja ya pili ilikuwa kwamba mtoto akiachiwa atachagua vyepesi tu, vya picha na vichekesho. Hilo lina ukweli, na kwa muda fulani litatokea. Lakini hakuna aliyejifunza kuogelea akianzia kilindini. Imam Ghazali huyo huyo aliyetuonya juu ya mashairi alisema pia kuwa mtoto akitoka chuoni aachiwe acheze mchezo mzuri, kwani kumzuia michezo na kumchosha kwa kusoma daima huua moyo wake na kuzima akili yake. Naye Ibn Khaldun katika Muqaddima alieleza kuwa mwanafunzi anayelelewa kwa ukali huingia uvivu, hujifunza kusema uongo na kuonyesha yasiyo moyoni mwake. Tulilitazama daftari letu upya kwa jicho hilo. Ni wangapi walioandikwa kuwa wamemaliza kitabu ilhali walikuwa wamekibeba tu mkobani kwenda na kurudi?

Hoja ya tatu ndiyo iliyotushughulisha zaidi. Mzazi mmoja hataki mwanawe asome kitabu fulani ambacho kamati imekipitisha. Je, kitolewe kabatini? Hapa tuliamua kuwa mzazi ana haki kamili juu ya mwanawe, na atakalotuambia tutalifuata kwa mtoto huyo. Ila uchungaji wake unaishia kwenye kundi lake. Hana mamlaka juu ya mtoto wa jirani, ambaye naye ana mzazi atakayeulizwa. Akiona kuwa kitabu hakiwafai watoto wote, alete hoja yake kikaoni, aonyeshe ukurasa, nasi tutausoma pamoja naye.

Tulivyopanga

Baada ya vikao viwili tulikubaliana juu ya utaratibu, nao tunauweka hapa kwa shule nyingine itakayotaka kuuiga au kuurekebisha.

Kwanza, tumewateua watu watatu, ustadhi, mwalimu wa darasani na mama mzazi, wawe ndio wasomaji wa vitabu vinavyoingia. Sharti lao ni kusoma kitabu chote kabla ya kukipiga muhuri. Kitabu hakikubaliwi wala hakikataliwi kwa jalada. Kinachokataliwa huandikiwa sababu, ili atakayetufuata ajue tuliona nini.

Pili, kabati hufunguliwa kila siku wakati wa mapumziko, na vitabu vimeshushwa hadi kimo cha mtoto. Tumeondoa mpaka wa madarasa. Wa darasa la tatu akitaka cha darasa la saba, na achukue. Vitabu vya kiada vina ratiba yake darasani, na hivyo mwanafunzi havichagui. Uhuru tunaouzungumza ni wa vitabu vya ziada.

Tatu, tumewafundisha watoto kanuni ya vidole vitano. Mtoto hufungua ukurasa wowote wa katikati, akasoma kimya kimya, na kila anapokuta neno asilolijua hukunja kidole kimoja. Vidole vyote vya mkono mmoja vikikunjika kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho ni kizito kwake kwa sasa. Akikitaka hata hivyo, anaruhusiwa, mradi awe na mtu wa kumsaidia.

Nne, mtoto anaweza kurudisha kitabu asichokimaliza bila ya kuhojiwa. Hata sisi wakubwa tunavyo vitabu tulivyoviacha njiani.

Tano, safu ya maelezo sasa haiandikwi na mwalimu wala katibu. Huandikwa na mtoto mwenyewe, sentensi moja, atakayo.

Sehemu ya nyumbani

Shule haiwezi kuifanya kazi hii peke yake. Mzazi akiona kitabu mkobani asiharakishe kuuliza kina faida gani. Amuulize mtoto amefika wapi na nini kimetokea, kisha asikilize. Akiwa hajui kusoma, amwombe mtoto amsomee. Hapo mtoto hupata heshima ya kuwa mwalimu. Kikiwamo kitu kinachomtia wasiwasi, amuulize mwanawe analionaje jambo hilo kabla ya kusema lake. Nabii Ibrahim (A.S.) alipopewa amri nzito kuliko zote kwa mzazi alimweleza mwanawe, akamuuliza rai yake, kama tunavyoisoma katika Surat As-Saffat aya ya 102. Kuulizwa kule hakukuipunguza amri ya Mola, wala hakukuishusha daraja ya baba.

Na wenye uwezo wasiiachie shule ununuzi wa vitabu. Sikukuu inapofika tunamnunulia mtoto kanzu na viatu, naye huchagua rangi. Tukimpeleka na kwenye duka la vitabu, tukamwonyesha rafu inayofaa na kumwachia achague kimoja, hatutapungukiwa na kitu.

Lile daftari la kijani

Yule binti alipewa kitabu chake. Tulimfanyisha kanuni ya vidole vitano mbele yetu, na vyote vikakunjika kabla hajafika nusu ya ukurasa. Akatutazama, akakikumbatia kitabu, akasema binamu yake wa kidato cha pili atamsaidia. Alikirudisha siku nne baada ya muda wake kwisha. Mama yake mdogo alikuja kuomba radhi kwa kuchelewa huko, akatueleza sababu. Binti alikuwa amempigia baba yake simu kumweleza kuwa papa potwe hana haja na mvuvi, kwani anakula vijidudu vidogo vya baharini kwa kuchuja maji mdomoni. Baba alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaomba apigiwe picha ukurasa ule na atumiwe, na kesho yake akaomba unaofuata. Wakawa wanakisoma wawili, mmoja Dar es Salaam na mmoja Kilindoni.

Tumeyakata kwa mstari maneno yale mawili mahali pote patatu yalipoandikwa. Hatukuyafuta, ili yabaki kuwa ukumbusho kwetu. Chini yake, kwa mwandiko wa penseli, binti ameandika sentensi yake: "Nataka kingine cha bahari." Hatuna kingine cha bahari. Kamati imekiweka katika orodha ya ununuzi ya muhula ujao, na tunawaomba wasomaji wenye kukijua kinachofaa watuelekeze.

Tunamwomba Allah (S.W.) awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, na atujaalie sisi walezi hekima ya kuwafungulia mlango tulioulinda. Wabillahi tawfiq.